Mwanangu, Kuhusu Zile Picha Tatu

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, picha zako tatu nimezipata, zile unazotaka kuchagua moja uiweke kwenye wasifu wako wa kazi za uhariri mtandaoni. Umeniuliza swali la neno moja, "Ipi?", na najua ulitarajia jibu la neno moja. Ungemuuliza baba yako ungeshalipata, maana yeye hujibu kabla swali halijaisha. Lakini umemuuliza mtu aliyekula jasho lake kwenye sura za watu, studio ya picha, kwa miaka kumi na saba, kwa hiyo itabidi univumilie. Vaa miwani usome. Miwani nimeitaja kwa makusudi: kwenye picha ya pili haipo.

Nianze na hiyo ya pili. Nilipoifungua nilitabasamu, kisha nikaisogeza skrini karibu na uso, kama nilivyokuwa nikisogelea negativu, ile filamu ambayo weusi na weupe vimegeuzana, kwenye kioo chenye taa. Mwanamke aliyemo amekaa vizuri, koti la kijivu limemkaa sawasawa, ngozi haina hata kinyweleo. Anafanana nawe kama anavyofanana nawe binti wa mama yako mdogo. Nikamtazama machoni. Kwenye jicho la kulia nuru ya dirisha iko upande wa kushoto. Kwenye jicho la pili nuru iko juu, tena ina umbo jingine. Dirisha moja haliingii machoni mwa mtu kwa sura mbili. Hereni ya upande mmoja ina kitone kinachoning'inia, ya upande wa pili ni kama kifungo cha shati. Na ukosi, mwanangu, umezama ndani ya shingo. Sikuhitaji kusoma ujumbe wako ulioeleza kwamba ni programu ya akili bandia, uliyoilisha selfi zako ikakurudishia "wewe wa ofisini".

Usidhani nakwambia uiache kwa sababu ya hereni. Mashine hizi zinajifunza haraka kuliko sisi. Mwaka 2014 Ian Goodfellow na wenzake walitoa mbinu ya kuzishindanisha mashine mbili, moja inaghushi picha, nyingine inajaribu kuikamata, na kila moja inamnoa mwenzake. Ilipofika 2019 tayari kulikuwa na tovuti ambayo kila ukiifungua upya inakupa uso wa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Kwa hiyo huenda mwakani hereni zitalingana na ukosi utakaa juu ya shingo. Jibu langu litabaki lile lile, kwa sababu kosa la picha hii si kwamba imetengenezwa vibaya. Hata ingetengenezwa vizuri kiasi gani, siku mteja akitaka mzungumze kwa simu ya video, huyo mwanamke hatatokea. Utatokea wewe, na miwani yako.

Na hapo ndipo mambo yanapoharibika kimya kimya. Mteja hatakwambia kitu. Atakutazama sekunde mbili zaidi ya kawaida, na hizo mbili si za kuangalia kazi yako. Akaunti za watu zinauzwa na kukodishwa huko kwenye majukwaa ya kazi, unalijua hilo kuliko mimi. Mteja aliyewahi kulizwa akiona sura mbili tofauti hawazi kwamba binti wa watu alitaka kupendeza tu. Anawaza kwamba aliyepewa kazi siye anayezungumza naye. Umehariri maandishi usiku na mchana, na sasa dakika zako za kwanza na mtu unazitumia kuutetea uso wako.

Usinione mlokole wa picha. Mimi nilikuwa naongopa kwa mshahara. Watu wa rika lako mnafikiri filta zimekuja na simu. Sisi filta yetu ilikuwa penseli ngumu, iliyochongwa ncha hadi iwe kama sindano, na negativu imewekwa juu ya kioo chenye taa kwa nyuma. Mkunjo ambao kwenye karatasi utatoka mweusi, kwenye negativu ni mstari unaopitisha mwanga. Unaujaza risasi ya penseli kidogo kidogo, kwa vinukta, hadi mwanga usipite sana, na picha ikisafishwa mkunjo umeyeyuka. Mzee aliyenifundisha alipenda kunisimulia habari za mpiga picha wa Munich, Franz Hanfstaengl, aliyepeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1855 picha mbili za mtu yule yule, moja imeguswa na nyingine haijaguswa, na watu wakajazana kuzishangaa. Tangu hapo, alikuwa akisema, hakuna mteja aliyeomba ile ya pili.

Lakini mzee huyo huyo alikuwa na kanuni, na alinipa wiki ya kwanza: kitakachoondoka chenyewe wiki ijayo, futa, kilichokuja kukaa, kiache. Chunusi futa. Alama ya mto uliolalia mchana, futa. Jicho jekundu la mtu aliyekesha, lisafishe. Lakini pengo, kipaku, upana wa pua, rangi ya mtu, ukivigusa umemwondoa mwenyewe ukamweka mwingine.

Nilivunja kanuni hiyo mara moja kwa moyo mweupe, na sijakusimulia kwa sababu sijisikii vizuri nikiikumbuka. Mwaka 1984 alikuja kijana kupiga picha za makaratasi ya kazi. Alikuwa na kovu lililoanzia kwenye nyusi likashuka hadi karibu na pembe ya mdomo. Akapigwa picha, akalipa, akaondoka, mimi nikabaki na negativu yake. Nikamhurumia. Nikajiambia, huyu ndiyo kwanza anaanza maisha, ngoja nimsaidie. Nilikaa na lile kovu karibu saa nzima. Sikuwahi kufanya kazi safi kama ile, hata mzee alipita akaitazama akadhani ni mtu mwingine, na mimi, mpumbavu, nikaona nimesifiwa.

Baada ya siku nne kijana akarudi. Dirishani alikopeleka makaratasi walimgeuza. Karatasi zake za zamani, mahali pa alama za mwilini, zilisema ana kovu usoni. Picha haikuwa na kovu. Wakamwambia akalete picha yake. Na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa siku hiyo hiyo. Hakupaza sauti. Aliziweka picha mezani moja baada ya nyingine, akaniuliza, "Dada, nani alikwambia mimi nalionea haya?"

Nilimpiga nyingine bure, jambo ambalo halikumsaidia kitu.

Sasa njoo kwenye picha ya tatu, ile selfi, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nikae niandike badala ya kukupigia simu. Filta imekupandisha weupe na imekubana pua. Umeandika: "Hii nimeigusa kidogo tu, Mama, nilikuwa nimetoka vibaya." Niliirudia sentensi hiyo mara kadhaa. Kweli ulikuwa umetoka vibaya, lakini aliyekutoa vibaya ni nani?

Ulinyoosha mkono ukajipiga. Mkono wako si mrefu. Simu ilikuwa karibu sana na uso. Lenzi ikiwa karibu hivyo, kilicho mbele kinavimba na kilicho nyuma kinasinyaa: pua inakua, masikio yanajificha. Mwaka 2018 madaktari nchini Marekani walilipigia hesabu jambo hili, wakakuta kwamba uso ukipigwa kutoka sentimita 30 hivi, pua huonekana kubwa kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Walifanya hivyo kwa sababu wagonjwa walikuwa wanakuja na selfi kuomba wapasuliwe pua. Kwa maneno mengine, filta yako ilikuwa inakutibu ugonjwa ulioletwa na ufupi wa mkono. Simu ilikuongopea kwanza, ukaiomba ikuongopee mara ya pili ili ilipe deni.

Rangi nayo ni hivyo hivyo. Nyuma yako kuna ukuta mweupe. Kipima mwanga cha kamera, tangu enzi zetu, kimefundishwa kwamba ulimwengu ukichanganywa wote unatoka kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Kikiona ukuta mweupe umejaa kwenye fremu kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na anayeumia ni mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta: macho yanazama, mashavu yanakuwa donge moja la kiza. Simu za sasa hutafuta uso na kujirekebisha, lakini si zote, na si kila mara. Ukajiona umekuwa kiza, ukafikiri tatizo ni rangi yako.

Nalijua hilo kwa muda mrefu. Picha za rangi zilipoingia studio, tulikuwa tunaletewa kadi ya kupimia rangi, ina mwanamke wa Kizungu aliyevaa vizuri. Kwenye maabara za dunia nzima mafundi walimwita Shirley, hata alipokuwa mwanamke mwingine. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, mashine imehesabiwa iko sawa. Sisi tuliobaki tulitoka tulivyotoka. Bibi harusi mweusi karibu na shela nyeupe ulikuwa unachagua mwenyewe uokoe uso au uokoe shela. Kwa hiyo nikikwambia kamera haikuumbwa ikikufikiria wewe, sisemi kwa kukupoza moyo. Nilikuwa nabonyeza vitufe vya mashine hizo.

Dawa yake ni mwanga, na mwanga ni kitu kimoja nisichochoka kukizungumza. Kaa karibu na dirisha kubwa lisiloingiza jua moja kwa moja, dirisha liwe pembeni yako na mbele kidogo, wala lisiwe mgongoni. Ngozi nyeusi haitaki mwanga mwingi wa kuipiga usoni, inataka mwanga mpana wa kuitelezea. Uzuri wake uko kwenye mng'ao, kwenye mfupa wa shavu na ubapa wa paji. Ukuta wa nyuma uwe wa rangi iliyotulia, si mweupe. Gusa uso wako kwenye skrini ili kamera ipime hapo, kisha pandisha mwanga taratibu hadi uone ngozi ya shavu vizuri. Ukuta ukiungua kwa weupe, uungue, hatuuzi ukuta. Simu iegemeze kwenye vitabu, hatua mbili kutoka ulipo, tumia kamera ya nyuma na ile saa ya kuhesabu sekunde kumi. Utaipunguza picha kingo baadaye ili uso ujae. Na kabla ya yote nenda kwenye mipangilio uzime ile sehemu ya kulainisha sura, kwa sababu simu nyingine zinakuja nayo imeshawashwa, na mtu anajipamba bila kujua.

Nguo: vaa utakayovaa kwenye simu na mteja. Basi. Miwani: usiivue, mwanga ukiwa wa pembeni haitang'aa, na iking'aa inamisha kidevu kidogo.

Nimeshakutajia kanuni ya mzee wangu, lakini wewe una ya kwako, ila hujaifikisha kwenye picha. Wewe ni mhariri. Mteja akikuletea andiko lenye makosa ya tahajia, unayasahihisha bila kumwomba ruhusa. Lakini akiwa ameandika kwamba ana uzoefu wa miaka mitatu, humwandikii kumi eti sentensi itanoga. Kuongeza mwanga, kunyoosha picha iliyokaa upande, kufuta chunusi, hiyo ni tahajia. Kubana pua ni kumi badala ya tatu.

Ile ya kwanza, ya mahafali, sina ugomvi nayo ila umri. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, nywele fupi, miwani bado. Leo una ishirini na tisa. Kwa pasipoti Marekani hudai picha isiyozidi miezi sita, na Uingereza hutaka iliyopigwa ndani ya mwezi uliopita. Kwenye kazi za mtandaoni hakuna anayekubana kiasi hicho, lakini sababu ni ile ile. Ukibadili nywele au miwani, badili picha.

Utaniambia, Mama, si bado ni mimi? Kwangu ndiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walichukua picha 40 za wanawake wawili tu wa Uholanzi, ishirini ishirini, wakawapa watu wasiowajua wazipange kwa mafungu, kila mtu na fungu lake. Kwa kawaida watu walitoka na mafungu saba au nane. Waholanzi, waliowajua wale wanawake, walitoka na mawili bila taabu. Mimi ni Mholanzi wako. Hata ukijipaka masizi nitakujua. Mteja wako hajawahi kukuona, na kwake picha ya mahafali na mtu wa leo ni mafungu mawili.

Sasa lile uliloliandika chini kabisa, kwa herufi ndogo, kama mtu anayenong'ona: kwamba mwenzako mmoja ameweka picha ya mwanamke wa Kizungu aliyoitoa mtandaoni, na kazi zinamiminika. Hukuomba ruhusa yangu, ila ulitaka nijue unaijua njia hiyo.

Sitakwambia hofu yako ni ya kitoto. Watu huhukumu uso kabla hawajajua wanahukumu. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu nyuso kwa sehemu ya kumi ya sekunde tu, wakawauliza kama mtu huyo anaaminika; majibu yalifuatana kwa karibu na ya waliopewa muda wote waliotaka. Na hukumu hizo hazina haki. Watafiti wa Harvard walituma maombi ya vyumba kwenye Airbnb, tovuti ya kupangisha nyumba kwa wageni, kwa majina tofauti, na yenye majina ya Wamarekani weusi yalikubaliwa kwa asilimia 16 pungufu. Mwaka 2018 kampuni hiyo ikaamua mwenye nyumba asiione picha ya mgeni kabla ya kukubali ombi. Kwenye kazi kama zako pia, utafiti wa 2017 uliochunguza majukwaa ya kazi ya TaskRabbit na Fiverr ulikuta rangi na jinsia vinaambatana na tathmini ambazo watu wanapewa. Wapo wateja watakaoona picha yako wakapita. Siwezi kukurudishia hao, na sitajifanya kwamba hawakukugharimu kitu.

Lakini huyo mwanamke wa kwenye picha yupo mahali, ana jina lake na watu wake. Hajui kwamba anahariri vitabu usiku. Tangu TinEye, tovuti ya kutafuta picha ilikotoka, ilipoanza 2008, na Google ilipofuata 2011, mtu yeyote anaweza kuichukua picha na kuitafuta ilikotoka. Kazi ya nusu dakika. Majukwaa kama Upwork yanataka picha iwe yako mwenyewe, na siku ya kuhakiki utambulisho watakuomba kitambulisho na uso wako ukiwa hai mbele ya kamera. Akaunti ikifungwa, maoni mazuri ya wateja yanafungwa nayo, na huwezi kuyahamisha, kwa kuwa yaliandikwa kumsifu mtu mwenye uso ule. Hilo la mwisho ndilo lingeniuma mimi. Umsomee mteja kurasa mia tatu, akushukuru kwa moyo, na shukrani ziende kwa mtu mwingine.

Na usiisaidie mashine kukukosea. Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mwaka 2018 mifumo ya kompyuta iliyokuwa ikitambua jinsia ya mtu kwa uso: kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia moja, kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Imerekebishwa sana tangu hapo. Hata hivyo, mashine ambayo tayari inababaika mbele ya ngozi kama yetu ukiipa na picha iliyopaushwa ilinganishe na kitambulisho, unajitafutia barua za kujieleza.

Kama hutaki uso wako uwe huko kabisa, hilo nalo nalielewa, na wanawake wana sababu zaidi. Najua ujumbe wanaotumiwa. Pale jukwaa linaporuhusu, weka mchoro au herufi za jina lako. Mchoro hauongopi, kila mtu anaona ni mchoro. Kusema kweli hakukulazimishi kusema yote. Picha ya wasifu haihitaji kuonyesha sebule yako, wala pete, wala mtoto wa dada yako aliyekukalia. Na kabla hujaipakia, ondoa taarifa za mahali. Simu nyingi huandika ndani ya faili ilipopigwa picha, kwa vipimo vya ramani, na si kila tovuti inayozifuta.

Jambo moja zaidi kabla hujaanza. Usishangae ukijichukia kwenye picha mpya. Kila asubuhi unajiona kwenye kioo, na kioo kinakugeuza kushoto kulia. Kamera ya mbele ya simu nayo inakuonyesha hivyo hivyo. Mwaka 1977 watafiti nchini Marekani waliwapa wanawake picha zao mbili, moja kama kioo na moja kama watu wanavyowaona. Wenyewe walipendelea zaidi ile ya kioo, marafiki zao wakapendelea ile ya kweli. Ile sura inayokukera ndiyo sisi tunayoipenda.

Kwa sababu hiyo hiyo sitaki uchague mwenyewe. Wala mimi nisichague. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walikuta kwamba picha ambazo mtu anajichagulia kwa ajili ya wasifu huwavutia wageni kidogo kuliko zile ambazo wageni wenyewe wangemchagulia. Nilipolisoma nilicheka, maana studio tulilijua bila utafiti: bibi angeletewa nakala nne, akachukua ile ambayo amekaza shingo.

Piga kumi na mbili Jumamosi kwenye lile dirisha lako, mwanga wa asubuhi. Usifute hata moja. Nitumie kama faili kamili, si kama picha za kawaida za WhatsApp, kwa kuwa zinabanwa na kupoteza ngozi, na mimi naitafuta ngozi. Nitamwonyesha mtu mmoja au wawili ambao hawajawahi kukuona, niwaulize swali moja: huyu ungempa maandishi yako? Ukitoka na chunusi, niambie. Penseli bado ninazo.

Baba yako anakusalimu. Jana alipita nyuma yangu nikiwa nimefungua ile picha ya pili, akasimama, akainama, akauliza, "Huyu rafiki yake naye anafanya kazi hizo hizo?"

Sijamjibu bado.

Wasalaam,
Mama yako